Niliyojifunza kwenye mafaili ya vibali vya kazi

Kwa miaka mingi nimefanya kazi ya utumishi katika kampuni ya mitambo yenye miradi katika nchi kadhaa, na sehemu kubwa ya muda wangu imekwenda kwenye mafaili ya wafanyakazi wa kigeni. Mkuu wa idara akileta jina la mtu anayemtaka kutoka nje, swali lake huwa: ataanza lini? Mimi huuliza kwanza: anakuja kufanya nini hasa? Mpaka jibu liandikwe kwa maneno ambayo hata mtu asiye wa fani yetu atayaelewa, sijazi fomu yoyote.

Ninang'ang'ania hilo kwa sababu kibali cha kazi hakimpi mgeni ruhusa ya kufanya kazi yoyote anayoipata. Kinamruhusu afanye kazi fulani, kwa mwajiri fulani, mara nyingi mahali fulani, kwa muda uliotajwa. Kimoja kikibadilika, karatasi aliyonayo huenda haimlindi tena. Matatizo mengi niliyoyashughulikia yalianzia hapo, na mara nyingi aliyeumia zaidi alikuwa mfanyakazi, ingawa aliyepaswa kujua sheria na kuifuata ni mwajiri.

Faili moja ninalikumbuka vizuri. Tangazo la kazi lilimtaka mhandisi wa matengenezo. Mkataba ukamtaja kuwa meneja wa mradi. Barua ya maombi kwenda serikalini, iliyoandikwa na mkuu wa idara kwa harakaharaka, ikasema mshauri wa ufundi. Vyeti vyake vilikuwa vya umeme wa viwandani. Pale kazini kila mtu alijua anaitwa kufanya nini, lakini ofisa anayepitia maombi hayupo pale kazini. Yeye aliona kazi tatu na vyeti visivyolingana waziwazi na hata mojawapo. Maombi yakarudishwa, na mradi ukasubiri. Tukaweka utaratibu ambao haujabadilika mpaka leo: maelezo ya kazi yanaandikwa kwanza na kusainiwa, kisha tangazo, mkataba na barua vyote vinachota humo humo, maneno yale yale. Mshahara nao uwe mmoja kila unapotajwa, na posho zitenganishwe, kwa kuwa nchi nyingi huangalia mshahara peke yake zinapopima kama mgeni analipwa kiasi kinachostahili.

Sheria za nchi hazifanani, lakini ukizisoma kwa makini unaona zinauliza mambo yale yale. Je, kazi hii ipo kweli? Umetafuta raia wa kuifanya? Mgeni atalipwa sawa na raia, au unamleta ili umlipe kidogo? Kanada humtaka mwajiri, kwa nafasi nyingi, aitangaze kazi kwa angalau wiki 4 kabla ya kuomba tathmini ya athari kwenye soko la ajira. Marekani, kwa viza ya H-1B ya wataalamu wa kigeni, mwajiri hutoa kwa Wizara ya Kazi ahadi ya maandishi kwamba atalipa kiwango kisichopungua kile kinacholipwa kwa kazi hiyo katika eneo hilo. Tena nafasi mpya kwa mwaka ni 65,000, pamoja na 20,000 kwa waliopata shahada za uzamili au zaidi katika vyuo vya huko, hivyo waombaji huchaguliwa kwa kura. Tanzania, chini ya sheria ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za wageni, mwajiri huonyesha alivyomtafuta Mtanzania kwanza, na huleta mpango wa kurithishana unaoeleza ni nani atafundishwa ili hatimaye aishike kazi hiyo.

Kuna waajiri wanaouona ushahidi huo wa kutafuta raia kuwa usumbufu wa kupita tu. Nimeletewa rasimu za matangazo zilizokatwa kwa vipimo vya mtu mmoja: lugha ambayo kazi haiihitaji, uzoefu wa mashine ya toleo moja, idadi ya miaka inayolingana kabisa na wasifu wa mtu aliyekwisha kuahidiwa. Hizo nazirudisha. Mara moja tulitangaza nafasi ya fundi wa mifumo ya kudhibiti mitambo huku jina la mgeni likiwa tayari mezani, akajitokeza raia ambaye kwa usaili na kwa majaribio alitosha kabisa. Mkuu wa idara alikasirika. Alisema amekwisha kuzungumza na mgeni yule, na raia huyu angehitaji miezi ya kuzoea. Nilimwambia kwamba siwezi kusaini barua inayosema hatukumpata mtu wakati mtu tunaye. Tulimwajiri. Ninaamini huo ndio moyo wa sheria hizi, na anayeziona kuwa kikwazo ajiulize angejisikiaje kama aliyesailiwa na kutosha angekuwa mwanawe.

Kwa upande mwingine, kazi ikikosa mtu kweli, weka ushahidi. Tangazo lenye tarehe, majina ya walioomba, sababu ya kutomchukua kila mmoja, iandikwe siku ile ile ya usaili. Sababu iliyoandikwa baada ya miezi sita, ofisa akishauliza, hubeba dalili za kutungwa.

Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba ruhusa ya kufanya kazi na ruhusa ya kuishi nchini ni vitu viwili. Tanzania ni mfano mzuri: kibali cha kazi hutoka kwa Kamishna wa Kazi, cha ukaazi hutoka Uhamiaji, na kimoja hakifanyi kazi ya kingine. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la mwaka 2011, ulizitaka nchi wanachama ziunganishe mambo hayo mawili katika ombi moja na kibali kimoja. Nimewaona watu wenye ukaazi halali kabisa, waliokuja na wenzi wao, wakidhani wanaweza kuajiriwa kesho yake. Wakati mwingine wanaweza. Wakati mwingine hawaruhusiwi kupokea hata malipo ya kazi ya jioni. Njia ya kujua ni kusoma maneno yaliyopigwa kwenye kibali chenyewe, pamoja na sheria iliyokitoa.

Halafu kuna viza ya biashara. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo niliposhuhudia mambo mabaya zaidi. Mashine mpya inafika, mkataba wa manunuzi unasema muuzaji ataleta mafundi wa kuifunga, na mtu anasema: ni wiki mbili tu, waje kwa viza ya biashara. Viza hiyo kwa kawaida huruhusu mikutano, mazungumzo ya mkataba, kutembelea mradi, kuhudhuria maonyesho. Kushika spana ni jambo jingine. Baadhi ya nchi zina mlango maalumu kwa mafundi wanaokuja kufunga au kutengeneza mashine iliyonunuliwa kwa kampuni yao, na baadhi zina kibali cha muda mfupi kwa kazi kama hiyo. Lazima uulize kabla tiketi haijakatwa.

Kampuni moja iliyokuwa jirani yetu katika mradi haikuuliza. Fundi wao alikuja na barua ya mwaliko iliyosema anahudhuria mkutano wa kiufundi. Wakaguzi walimkuta juu ya jukwaa la chuma akiwa na ovaroli, kofia ngumu na mkanda wa usalama kiunoni. Wakamwuliza mkutano uko wapi. Alitoa ile barua mfukoni akiamini itamsaidia, na barua ndiyo iliyomtia hatiani, kwa sababu ilionyesha kwamba alichowaambia Uhamiaji kwenye kiwanja cha ndege sicho alichokuja kufanya. Kampuni ililipa faini na kuendelea na mradi. Yeye aliondolewa nchini. Fomu nyingi za viza duniani huuliza kama mwombaji amewahi kunyimwa viza au kufukuzwa katika nchi yoyote, na mtu ambaye riziki yake ni kusafiri kufunga mashine atalijibu swali hilo kila anapoomba. Nilizungumza naye kabla hajaondoka. Hakuwa amesoma barua ile; alikuwa amepewa tu kwenye bahasha pamoja na tiketi.

Kwa hiyo sasa mgeni wetu yeyote, hata wa siku tatu, hupata barua kwa barua pepe kabla ya kusafiri, na ninampigia simu nimweleze kilichoandikwa humo. Akiulizwa mpakani, ajibu ukweli, na ukweli uwe unalingana na karatasi.

Nyaraka nazo zina tabia zake. Majina ndiyo hutesa kuliko kitu kingine chochote. Tuliwahi kumwajiri muuguzi wa afya kazini ambaye shahada yake ilikuwa na jina la kuzaliwa, pasipoti ikawa na jina la mume, na cheti cha usajili wa taaluma kikaacha jina la katikati. Kwake yeye yote yalikuwa majina yake. Kwa mfumo wa mtandaoni walikuwa watu watatu. Tulihitaji cheti cha ndoa, kikiwa na tafsiri ya mfasiri anayetambulika, na hati ya kiapo kwamba majina yote ni ya mtu mmoja. Cheti cha ndoa nacho kilitakiwa kithibitishwe na mamlaka ya nchi kilikotoka. Kama nchi zote mbili, iliyotoa cheti na inayokipokea, zimo katika Mkataba wa Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961, muhuri mmoja unatosha. Kama moja haimo, hati hupita wizara ya mambo ya nje kisha ubalozini, na hapo wiki zinahesabika. Leo, kabla hata ya kutoa barua ya ajira, namwomba mtu anitumie ukurasa wa picha wa pasipoti na vyeti vyake vyote, nayapanga majina kando kwa kando, nasoma herufi kwa herufi.

Mpangilio wa muda nao una hila yake. Cheti cha polisi cha tabia njema na vipimo vya afya hudumu miezi michache tu, wakati uhakiki wa shahada unaweza kuchukua muda mrefu. Ukianza na polisi kwa sababu ni rahisi, shahada inapohakikiwa cheti cha polisi kimekwisha. Anza na kile kinachochelewa. Pasipoti iwe na muda wa kutosha kupita mwisho wa kibali unachoomba, la sivyo baadhi ya nchi zitakupa kibali kinachokoma na pasipoti, na utarudi kwenye foleni mapema kuliko ulivyopanga.

Katika kipindi hicho cha kusubiri, mtu ninayemhofia ni yule aliye upande wa pili wa simu. Ana barua yetu ya ajira, ana furaha, na ana haraka ya kumwambia mwajiri wake wa sasa kwamba anaondoka. Barua zetu zina kifungu kinachosema ajira inategemea kupatikana kwa kibali, na wanasheria wanaona hicho kinatosha. Mimi sioni kinatosha. Ninamwambia kwa mdomo: usiache kazi, usivunje mkataba wa nyumba, usiwahamishe watoto shule, mpaka kibali kiwe mkononi. Mmoja aliniuliza kama maana yake hatumtaki. Nilimweleza kwamba tunamtaka, na kwamba uamuzi si wetu. Kampuni ikinyimwa kibali itatangaza nafasi upya, ila yeye atakuwa hana kazi.

Kibali kikishatoka, waajiri wengi hulifunga faili. Mimi naona ndipo uangalizi unapoanza. Mtu anapandishwa cheo, anahamishiwa mradi wa mkoa mwingine, anapunguziwa saa, kampuni inauzwa na kubadili jina. Kwa raia, hayo ni mambo ya barua moja. Kwa mgeni, lolote kati ya hayo linaweza kuhitaji taarifa serikalini au kibali kipya. Uingereza humpa mwajiri mdhamini siku 10 za kazi kutoa taarifa ya mabadiliko kadhaa, likiwemo la mfanyakazi kuacha au kuachishwa. Niliwaomba wakuu wa idara waniulize kabla ya kumpa mgeni cheo kipya, na mwanzoni walidhani ninajiongezea madaraka. Walinielewa baada ya kumwona fundi mzuri akikaa nyumbani wiki kadhaa bila kugusa kazi, kwa sababu kibali chake kilimtaja msimamizi wa zamu na sasa alikuwa ameitwa msimamizi wa karakana, akisubiri marekebisho.

Lililo zito kuliko yote ni kupunguza wafanyakazi. Raia akipunguzwa, anapoteza mshahara. Mgeni akipunguzwa, anapoteza mshahara na ruhusa ya kuwepo. Marekani humpa mwenye H-1B hadi siku 60 kutafuta mwajiri mwingine au kuondoka, na Uingereza nayo kwa kawaida humpunguzia muda hadi siku 60. Katika siku hizo mtu anatakiwa auze samani, amtoe mtoto shuleni katikati ya muhula, na wakati huo huo aende kwenye usaili akiwa na uso mkunjufu. Umoja wa Ulaya, katika agizo lake jipya la mwaka 2024, umeamua kwamba kukosa kazi peke yake kusimpotezee mtu kibali kwa angalau miezi 3, na kwamba awe na haki ya kubadili mwajiri. Ningependa nchi nyingi zaidi zifuate njia hiyo. Kwetu, orodha ya kupunguza watu ilipoandaliwa, niliomba jambo moja: wageni waliomo wapewe notisi ndefu wakiwa bado kwenye malipo, ili saa ya uhamiaji ianze kuhesabu baadaye. Haikugharimu kampuni kiasi kikubwa. Wawili kati yao walipata waajiri wapya kabla notisi haijaisha.

Kuna mambo ambayo sikuyajua mpaka tulipoanza kuchukua vibarua kupitia wakandarasi. Nilikwenda kukagua ofisi ya mkandarasi mmoja, nikaomba kuona mafaili. Msimamizi akavuta droo ya chini. Zilikuwemo pasipoti za wafanyakazi, zimefungwa mafungumafungu kwa mipira, kila fungu na kikaratasi chenye jina la timu. Akasema anawahifadhia zisipotee. Nilimwuliza kama mtu anaweza kuja kuchukua yake sasa hivi, bila kueleza sababu. Akanyamaza. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1990 wa kulinda haki za wafanyakazi wahamiaji na familia zao, ulioanza kutumika 2003, unasema katika ibara ya 21 kwamba ni kosa kwa mtu yeyote, isipokuwa ofisa wa umma aliyeidhinishwa na sheria, kumnyang'anya mtu hati za utambulisho. Si nchi zote zilizouridhia, lakini sihitaji nchi iridhie mkataba ndipo nijue kwamba mtu asiyeweza kuishika pasipoti yake hayuko huru kuondoka. Pasipoti zilirudishwa kwa wenyewe tukiwepo, kila mmoja akisaini kwamba amepokea yake.

Siku hiyo hiyo nilikaa na vibarua hao na kuuliza walilipa nini ili wafike. Karibu kila mmoja alikuwa na deni kwa wakala. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unasema wakala binafsi wa ajira wasimtoze mfanyakazi ada wala gharama, moja kwa moja au kwa kuzunguka, isipokuwa pale serikali inaporuhusu kwa sababu maalumu. Gharama ya kuajiri ni ya mwajiri. Mtu anayefika na deni atafanya kazi akiwa mgonjwa, atakubali saa za ziada bila malipo, na hatasema neno juu ya ngazi iliyovunjika, kwa kuwa akirudishwa kwao deni linabaki. Nchi ambako mwajiri alikuwa na mamlaka ya kumzuia mfanyakazi asihame zilizidisha hali hiyo. Qatar iliondoa mwaka 2020 sharti la kupata ridhaa ya mwajiri kabla ya kubadili kazi, hatua ambayo watetezi wa wafanyakazi walikuwa wameidai kwa muda mrefu. Mikataba yetu na wakandarasi sasa inatutaka tuone stakabadhi za malipo kwa wakala, na inatupa haki ya kumhoji mfanyakazi bila msimamizi wake kuwepo.

Ukaguzi wa nyaraka nao una upande wake wa haki. Sheria ya Marekani ya mwaka 1986 iliyokataza kumwajiri kwa kujua mtu asiye na ruhusa ndiyo hiyo hiyo iliyokataza kuwabagua watu kwa sababu ya utaifa wao. Mwajiri hutakiwa kukagua hati za kila anayeajiriwa, raia na mgeni, ndani ya siku 3 za kazi tangu aanze, na mfanyakazi ndiye anayechagua hati ipi ya kuonyesha kati ya zinazokubalika. Ninaupenda utaratibu wa kumkagua kila mtu. Ukiwakagua wale tu ambao sura au lafudhi zao zimekutia shaka, umemwonea raia mmoja na kumpitisha mgeni mwingine. Na ikigundulika kwamba mtu alifanya kazi bila kibali, mshahara wa siku alizofanya ni wake. Mkataba namba 143 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1975, unalitaja hilo waziwazi katika ibara ya 9. Nimewahi kuambiwa na mwajiri kwamba huwezi kumlipa mtu ambaye kisheria hakuwepo. Alikuwepo, ukuta alioujenga umesimama.

Siku ninapomkabidhi mtu kibali, tunakaa tukisome pamoja: jina, kazi, mahali, tarehe ya mwisho, masharti ya nyuma yaliyoandikwa kwa maandishi madogo. Anabaki na nakala yake na ya mkataba, na namba ya simu ya ofisi ya serikali iliyokitoa, ili akitilia shaka jambo asilazimike kuniuliza mimi peke yangu. Tarehe ya kuanza maombi ya kuongeza muda naiandika kwenye kalenda ya idara na kwenye yake, miezi kadhaa kabla ya mwisho. Na kwenye mkataba, pale panapohusu kukataliwa kwa maombi hayo, pameandikwa kwamba tiketi ya kurudi kwao, yeye na familia aliyokuja nayo, ni juu ya kampuni.